Kuishi kwa sanaa na kuendelea kuipenda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wachoraji, wachongaji, wanamuziki, wapiga picha, waandishi na wacheza dansi. Majibu yake yanatumia kipimo kimoja tu: je, hatua hii itakuachia muda, pesa na hamu ya kufanya kazi inayofuata? Tuzo na bei kubwa ni neema zikija. Lakini msanii aliyeuza sana mwaka huu, kisha mwaka ujao hataki hata kuiona brashi, bado hajajenga chochote cha kudumu.

Kweli mtu anaweza kuishi kwa sanaa peke yake?

Anaweza, ila wanaoishi kwa kuuza kazi zao tu ni wachache, na wengi wao hawakuanza hivyo. Kipato cha msanii wa kawaida ni mchanganyiko: mauzo, oda, masomo anayofundisha, mirabaha, ruzuku, na kibarua cha pembeni. Si jambo la aibu wala si jambo jipya. Albrecht Dürer wa Nürnberg alipata jina kwa picha za rangi, lakini chapa zake za mbao na shaba ndizo zilizoleta pesa mfululizo. Ubao ukishachongwa hutoa nakala nyingi, na mkewe Agnes alikuwa akizipeleka sokoni. Mwaka 1509 Dürer alimwandikia mteja mmoja, tajiri wa Frankfurt, akilalamika kwamba uchoraji wa makini namna ile haulipi, na kwamba kama angeshikilia chapa zake angekuwa na mali zaidi.

Malalamiko hayo yana zaidi ya miaka 500 na bado yana maana. Tafuta katika kazi yako kitu kimoja kinachoweza kuuzwa zaidi ya mara moja bila wewe kukifanya upya: chapa, leseni ya picha, rekodi, kozi, muundo wa kitambaa. Si lazima kiwe ndicho unachokipenda kuliko vyote. Kazi yake ni kukulipia siku unazotumia kwenye kile unachokipenda.

Niache kazi ya mshahara?

Sio kwa sababu umechoka nayo. Iache pale sanaa ilipokwisha kulipa walau nusu ya matumizi yako kwa mwaka mzima, na una akiba ya kukufikisha miezi 6 hadi 12 bila kuuza kitu. Kabla ya hapo mshahara ndiye mfadhili wako, tena mfadhili asiyekuingilia uchore nini.

Philip Glass, mtunzi wa muziki, alikuwa fundi bomba na dereva wa teksi New York. Mwaka 1976 opera yake ilipopigwa katika ukumbi wa Metropolitan Opera, ilipokwisha alirudi kuendesha teksi. Henri Rousseau alikuwa mtoza ushuru Paris hadi alipostaafu mwaka 1893. Anthony Trollope aliandika riwaya zake alfajiri, kisha akaenda kazini posta.

Jambo la kuangalia zaidi ya mshahara ni kazi hiyo inakula sehemu gani ya mwili na akili yako. Anayesanifu matangazo mchana kutwa akirudi nyumbani hana jicho la kuchora, kwa sababu jicho lile lile limeshatumika. Wengine hukaa vizuri zaidi na kazi isiyofanana kabisa na sanaa yao. Kufundisha kuna pande mbili: kunachosha, lakini kunakuweka kati ya watu wanaozungumza sanaa. El Anatsui alifundisha uchongaji Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, tangu mwaka 1975 hadi alipostaafu mwaka 2011, na kazi zake za vifuniko vya chupa zilizomtangaza duniani zilizaliwa akiwa bado mwalimu.

Nipangeje bei?

Hapa ndipo wasanii wengi wanapoumia, kwa hiyo twende polepole.

Anza na mahitaji yako, usianze na mchoro. Chukua sarafu yoyote unayotumia. Tuseme nyumba, chakula na usafiri ni 1,200 kwa mwezi. Vifaa na pango la karakana ni 300. Kodi na akiba ni 300. Jumla 1,800. Sasa hesabu saa. Ukifanya kazi saa 160 kwa mwezi, usidanganyike kwamba zote ni za kuchora. Toa kujibu ujumbe, kupiga picha kazi, kufungasha, kufuatilia malipo, kwenda kununua rangi na kuandika maombi ya maonyesho. Mtu mwenye mpangilio mzuri hubakiwa na saa kama 90. Gawanya 1,800 kwa 90 upate 20. Hiyo ndiyo gharama ya saa yako moja, na chini ya hapo unafanya kazi kwa hasara hata kama mfuko unaonekana umejaa.

Mchoro uliokuchukua saa 30 basi ni 600. Ukiuzwa na nyumba ya sanaa inayochukua nusu, bei ya ukutani iwe 1,200. Watu wengi wakifika hapa hushtuka: hakuna atakayenunua! Huenda ni kweli. Ila jibu la soko kukataa bei si kujilipa 5 kwa saa. Badilisha kitu: ukubwa, vifaa, muda unaotumia, aina ya mteja, au ukubali kwamba mchoro wa saa 30 ni wa maonyesho na michoro ya saa 6 ndiyo itakayolipa pango.

Hesabu hiyo ni ya kwako, mteja haihitaji. Mteja aone bei zinazoeleweka. Wachoraji wengi hupanga bei kwa vipimo: urefu jumlisha upana, mara kiwango kimoja kwa kazi zote za aina moja. Faida yake ni kwamba huhitaji kueleza kwa nini picha hii ina bei tofauti na ile, na hutajikuta unaongeza bei ya kazi uliyoipenda kwa sababu tu hutaki iondoke. (Kama hutaki iondoke, usiiuze. Baki nayo. Kila msanii anahitaji kazi chache zake mwenyewe.)

Kisha kuna sheria moja isiyo na mlango wa nyuma: bei ya karakanani na bei ya ukutani ni moja. Mnunuzi akigundua kwamba angeweza kuja kwako kimya kimya akapata kwa nusu, umempoteza yeye na umeipoteza nyumba ya sanaa iliyomleta. Panda bei pole pole, mara moja kwa mwaka, na pale tu kazi zinapoisha. Ni rahisi kupanda kuliko kushuka, kwa sababu ukishuka waliokwisha kununua wanajihisi wameibiwa.

Mteja akiomba apunguziwe?

Punguza kazi, usipunguze bei. Akitaka kwa pesa kidogo apate picha ndogo, watu wawili badala ya wanne, wimbo bila bendi. Punguzo dogo kwa anayenunua kazi kadhaa kwa mpigo ni desturi ya kawaida na halimvunjii mtu heshima.

Wanasema watanilipa kwa kunitangaza.

Hapana. Kama una moyo wa kujitolea, jitolee kwa jambo uliloamini mwenyewe, na bado toa ankara yenye bei kamili iliyofutwa, ili waliopokea wajue wamepewa kitu cha thamani gani.

Nyumba ya sanaa inachukua asilimia 50. Si wizi huo?

Si wizi kama inafanya kazi. Nusu hiyo inalipia ukuta, taa, pango, mhudumu, ufunguzi wa maonyesho, na zaidi ya vyote orodha ya wanunuzi iliyochukua miaka kuikusanya. Uliza maswali haya: mtawaalika nani? Kazi zimekatiwa bima zikiwa kwenu? Nani analipia fremu na usafiri wa kurudisha? Nitalipwa siku ngapi baada ya kuuza? Ikiwa majibu ni kigugumizi, basi unatozwa nusu kwa msumari tu.

Kazi zako zinapokaa pale zinakaa kwa mali kauli: bado ni zako mpaka ziuzwe. Hakikisha umeandikiwa orodha yenye jina la kila kazi, vipimo, bei na hali yake siku ilipopokelewa, na pande zote mbili zimetia saini. Nyumba za sanaa hufilisika, na zikifilisika, kazi isiyo na karatasi inaweza kuhesabiwa pamoja na viti na meza za kulipia madeni. Na kaa mbali na zile zinazomtoza msanii pesa kabla ya maonyesho. Biashara yao ni wewe, si wanunuzi.

Mkataba lazima? Tunaaminiana.

Mkataba si wa kutoaminiana, ni wa kukumbushana. Kwa oda ya kawaida ukurasa mmoja unatosha: kitu gani, kwa vipimo gani, lini, arbuni kiasi gani (theluthi moja hadi nusu, isiyorudishwa kazi ikishaanza), marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na nini kitatokea mteja akighairi. Andika idadi ya marekebisho. Neno "mpaka mteja aridhike" limewatafuna watu miezi mizima.

Kampuni zinapokuletea mkataba wao, nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha haki. Mara nyingi kimeandikwa hivi: msanii anahamisha haki zote, kwa muda wote, duniani kote, katika vyombo vyote vilivyopo sasa na vitakavyobuniwa baadaye. Soma kila kipande. "Haki zote" ina maana hutaweza kutengeneza hata postikadi ya kazi yako. "Muda wote" ni pamoja na muda wa wajukuu zako. Mara nyingi kampuni haihitaji hayo yote. Wakili wake amebandika kifungu alichozoea. Jibu kwa upole ukitaja wanachohitaji hasa: leseni ya miaka 2, kwa jalada la toleo hili, katika nchi kadhaa mlizokubaliana, na matumizi mengine yalipiwe upya. Wengi hukubali. Wasiokubali walipe bei ya kununua kila kitu, ambayo haiwezi kuwa sawa na bei ya leseni.

Wanamuziki wana tabaka mbili za haki, na kuzichanganya kumewagharimu wengi. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, na kuna haki ya rekodi yenyewe. Taylor Swift alipokuwa hamiliki rekodi zake za mwanzo lakini ana haki kwenye utunzi wake, aliingia studio kuanzia mwaka 2020 akazirekodi upya baadhi ya albamu hizo ili awe na rekodi zake mwenyewe. Aliweza kwa sababu ana pesa na mashabiki wa kumfuata. Asiye navyo asome kifungu kabla ya kusaini.

Je, lazima nisajili kazi ili iwe na hakimiliki?

Kwa nchi zilizo katika Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambazo ni karibu zote duniani, hakimiliki huzaliwa pale kazi inapotengenezwa, bila kusajiliwa na bila alama yoyote. Kwa kazi nyingi inadumu angalau miaka 50 baada ya kifo cha muumba, na nchi nyingi zimeifanya 70. Usajili, pale unapotolewa, husaidia kuthibitisha na katika baadhi ya nchi hukupa nguvu zaidi mahakamani. Marekani, kwa mfano, sharti usajili kwanza ndipo ushitaki kwa kazi iliyotengenezwa nchini humo.

Kuuza mchoro si kuuza hakimiliki yake. Aliyenunua anautundika, anaurithisha, anauuza, lakini hana ruhusa ya kuuchapa kwenye fulana. Mkataba wa Berne unatambua pia haki ya msanii kutajwa jina na kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna itakayomshushia heshima.

Kinachowaudhi wengi ni kwamba mtindo haulindwi. Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka wanyama na ndege kwa rangi ya enameli juu ya vibao vya masonaiti (nyuzi za mti zilizobanwa) mwaka 1968, akafariki mwaka 1972. Mtindo wake ukaendelea kwa wanafunzi wake na wengine wengi mpaka leo, kwa jina lake. Hakuna sheria ingeweza kuuzuia, na bila kuigwa usingekuwepo. Anayenakili mchoro wako hasa, mfuate kisheria. Anayechora kama wewe, mzidi.

Niliuza kazi kwa bei ndogo, sasa inauzwa mara mia. Nina haki yoyote?

Inategemea nchi. Mwaka 1973 mchoro wa Robert Rauschenberg ambao mnunuzi aliupata kwa dola 900 mwaka 1958 uliuzwa mnadani New York kwa dola 85,000. Msanii hakupata hata senti, na ugomvi wake na muuzaji siku ile ukawa maarufu. Ufaransa ilikuwa imeshaweka haki ya mauzo ya marudio tangu mwaka 1920. Katika Umoja wa Ulaya kazi ikiuzwa tena kupitia mnada au mfanyabiashara wa sanaa, msanii hupata sehemu, ambayo kwa kawaida huanzia asilimia 4 na hushuka kadiri bei inavyopanda, bila kuzidi yuro 12,500. Marekani haina haki hiyo kwa sheria ya shirikisho. Unaweza kuiweka wewe mwenyewe kwenye mkataba wa kuuza. Wachache huikubali, lakini kuomba hakukatazwi.

Pesa zinakuja kwa mafungu. Miezi mitatu shibe, miezi mitano njaa.

Jilipe mshahara. Kila kinachoingia kipite akaunti moja ya kazi. Siku ile ile toa fungu la kodi uliweke pasipoguswa. Kisha kila mwezi jihamishie kiasi kilekile, kinachopangwa kwa kuangalia miezi yako mibaya ya mwaka jana, si mizuri. Mwezi wa neema usikupandishe matumizi, ukujazie akiba.

Matumizi ya kudumu ndiyo yanayowaangusha wasanii zaidi ya kukosa wateja. Rembrandt alikuwa mchoraji anayetafutwa Amsterdam aliponunua nyumba kubwa mwaka 1639 kwa gulden 13,000. Deni hilo halikuisha, oda zikapungua, naye akaendelea kununua chapa, silaha na vitu vya kale minadani. Mwaka 1656 alitangaza kushindwa kulipa madeni, mali ikauzwa pamoja na nyumba. Baadaye mwenzake Hendrickje na mwanawe Titus walianzisha biashara ya sanaa wao, yeye akawa kama mwajiriwa wao ili wadai wasinyakue alichochora. Baadhi ya picha zake bora ni za miaka hiyo ya mwisho, kwa hiyo umaskini haukumuua msanii ndani yake, ila hakuna sababu ya kupita njia hiyo kwa hiari.

Vipi kuhusu ruzuku na misaada ya serikali?

Omba, lakini usiijenge nyumba yako juu yake. Mahali pengine kuna mifumo ya kweli. Ujerumani tangu mwaka 1983 ina mfuko wa bima ya jamii wa wasanii wa kujitegemea: msanii hulipa kama nusu ya michango, iliyobaki hutoka kwa kampuni zinazotumia sanaa na serikali. Ufaransa humpa bima ya ukosefu wa kazi mtu wa jukwaani aliyefikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12. Ireland mwaka 2022 ilianza majaribio ya kuwapa wasanii 2,000 yuro 325 kwa wiki, kwa miaka mitatu. Uliza chama cha wasanii cha nchi yako kuna nini kwenu.

Katika kuandika maombi, anayesoma amechoka na amesoma mengi. Sentensi ya kwanza iseme utafanya nini, wapi, lini. "Nitachonga sanamu sita za mbao chakavu na kuzionyesha katika maktaba ya umma mwezi Oktoba" inashinda aya nzima kuhusu kuchunguza utambulisho na mipaka.

Lazima niwe kwenye mitandao ya kijamii?

Si lazima, ila lazima watu waweze kukupata. Mitandao ni uwanja wa kukodi: mwenye uwanja akibadilisha namna ya kuonyesha machapisho, wafuasi elfu kumi wanageuka mia mbili usiku mmoja. Kwa hiyo tumia mitandao kuwaleta watu kwenye vitu viwili unavyovimiliki, tovuti yako na orodha ya baruapepe. Watu 150 waliokubali kuandikiwa, ambao ukiwaambia kuna kazi mpya wanafungua barua, wana thamani kuliko umati unaopita na kupenda.

Weka siku maalumu ya kuchapisha, umalize. Anayeanza kuchagua nini cha kuchora kwa kuangalia nini kilipendwa wiki iliyopita ameshapata bosi mpya asiye na uso.

Nimepokea barua: mtu anataka kununua kazi tatu kwa mkupuo. Nifanye nini kwanza?

Isome tena taratibu. Barua ya matapeli ina umbo lake. Mwandishi anasema mke wake amekuwa akitazama tovuti yako, amependa sana, naye anataka kumshangaza siku ya kumbukumbu ya ndoa. Hataji jina la mchoro hata mmoja, au anataja uliouzwa zamani. Yuko safarini, baharini au anahama nchi. Atatuma hundi yenye pesa zaidi ya bei, na atakuomba ile ziada umtumie "msafirishaji" wake. Hundi ni ya bandia. Benki itaigundua siku kadhaa baadaye, wakati ziada yako imeshaondoka.

Mnunuzi wa kweli huuliza kuhusu kazi: ilivyotengenezwa, ukubwa wake halisi, rangi zinavyoonekana mchana. Kazi haiondoki mpaka benki imethibitisha kwamba pesa haziwezi kurudishwa, na wewe hurudishi ziada ya mtu yeyote, kwa njia yoyote.

Hamu imekwisha. Nimeishiwa?

Huenda umechoka tu. Kabla ya kuuliza kama una kipaji, angalia usingizi, deni, na ni lini mara ya mwisho ulifanya kitu kisichokuwa oda. Wasanii wanaodumu huwa na sehemu ya wiki isiyouzwa: asubuhi moja ya kuharibu karatasi, ya kujaribu chombo wasichokijua, bila picha ya kuchapisha. Ukiona asubuhi hiyo imeliwa na oda mwezi wa tatu mfululizo, oda zako ni za bei ndogo mno. Rudi kwenye hesabu ya bei.

Kuna pia uchovu wa mwili, na huu hausikii nasaha. Robert Schumann alipoteza uwezo wa mkono wa kulia akiwa kijana, ndoto ya kuwa mpiga piano ikafa, akabaki mtunzi. Mpiga piano Leon Fleisher vidole viwili vya mkono wa kulia vilianza kujikunja miaka ya 1960, akapiga kwa mkono wa kushoto peke yake kwa miongo. Maumivu yanayorudi mahali palepale kila ukishika chombo si ya kuvumilia, ni ya kupeleka kwa daktari mapema. Kwa wanaopaka rangi: fungua madirisha unapotumia tapentaini na viyeyusho, usipulize wala kupiga msasa rangi zenye risasi au kadmiamu bila barakoa ya vumbi laini, na usile mezani pa kazi. Tabia ya kunyoosha ncha ya brashi kwa midomo iache leo.

Familia yangu wanaona napoteza muda.

Waonyeshe hesabu, si ndoto. Daftari lenye mapato, matumizi na mpango wa mwaka huongea na watu ambao maneno kuhusu wito hayawagusi. Kama wanakusaidia kwa pesa, mwekane sawa. Vincent van Gogh aliishi kwa pesa za mdogo wake Theo, lakini tangu mwaka 1884 alitaka zihesabiwe kuwa malipo ya picha alizokuwa akimpelekea. Theo alikuwa mfanyabiashara wa sanaa na bado hakuweza kuziuza ila chache mno. Hata hivyo mpango ule ulimwachia Vincent heshima yake.

Nimechelewa? Nina miaka 50.

Carmen Herrera aliuza mchoro wake wa kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 89, akaishi hadi 106. Louise Bourgeois alipata maonyesho yake makubwa ya kwanza katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, MoMA, New York, akiwa na miaka 70. Usivichukue visa hivi kama ahadi. Vinaonyesha tu kwamba wote wawili walikuwa na kazi za miaka mingi zilizo tayari siku mlango ulipofunguliwa.

Akili mnemba itatumaliza?

Imeshakula kazi fulani: vielelezo vya haraka vya bei ndogo, muziki wa kujazia matangazo, picha za ghala (zilizopigwa tayari na kuuzwa kwa yeyote) ambazo hakuna aliyejali nani kazipiga. Aliyetegemea hizo ana haki ya kuwa na hasira. Kinachobaki kuwa na bei ni kile ambacho mnunuzi anataka kujua kimetoka kwa nani: kitu cha mkono, onyesho la ana kwa ana, oda inayohitaji mtu wa kusikiliza na kubadilisha mawazo njiani. Kisheria, mahakama moja ya Marekani ilikubali mwaka 2023 kwamba picha iliyotengenezwa na mashine pekee, bila muumba binadamu, haipati hakimiliki, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono mwaka 2025. Kampuni inayotaka kumiliki kwa uhakika ilichonunua ina sababu ya kumlipa mtu. Kwenye mikataba yako ongeza mstari unaokataza kazi yako kutumika kufundishia mashine bila kibali na malipo.

Kuna haja ya kuweka kumbukumbu za kazi zote?

Ipo, tangu kazi ya kwanza. Kila moja ipewe namba, na namba hiyo iandikwe nyuma ya kazi na kwenye daftari au jedwali: jina, mwaka, vifaa, vipimo, picha nzuri, iko wapi sasa, nani alinunua, kwa bei gani. Bima, maombi ya ruzuku, mtunza maonyesho anayetaka kuazima kazi ya zamani, mnunuzi anayetaka cheti, wote watauliza vitu hivyohivyo.

Na watakaobaki nyuma watauliza zaidi. Vivian Maier alifanya kazi ya kulea watoto Chicago na kupiga picha mitaani kwa miongo. Alifariki mwaka 2009 akiwa ameacha negativu zaidi ya 100,000 na hakuna wosia. Waliokuwa wamenunua masanduku yake mnadani walimiliki negativu, lakini kumiliki negativu si kumiliki haki ya kuzichapa, na swali la nani mrithi likaishia mahakamani. Kwa hiyo kwenye wosia andika mistari miwili tofauti: kazi zenyewe ni za nani, na hakimiliki ni ya nani. Kisha mweleze mtu huyo daftari liko wapi.